Karata Kwenye Kopo la Biskuti

*Shangazi,*

*Mimi ni mama wa miaka 41, fundi cherehani hapa Sumbawanga, nina kibanda changu Majengo. Desemba iliyopita mtoto wa kaka yangu anayesoma Kanada alikuja kutusalimu. Alikuja na karata ambazo si hizi zetu za kopa na shupaza. Kila moja ina picha yake na maelezo yake. Usiku mvua ikipiga bati na umeme umekatika, tulikuwa tunacheza mimi na yeye kwa taa ya sola, na nikaupenda ule mchezo kuliko nilivyotegemea. Alipoondoka aliniachia jozi mbili, moja ya kijani na moja nyekundu, kila moja karata 60, kwenye kopo la biskuti.*

*Sasa shida zangu. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alimuuliza kijana mchezo unaitwaje, naye bila kufikiri akajibu "Uchawi". Shangazi, hapa ni Sumbawanga! Tangu siku hiyo mama hataki hata kulitazama kopo, na amesema lisilale ndani. Mume wangu hana neno, ila anasema watu watanicheka, mtu mzima kujifunza mchezo wa vijana. Halafu maandishi yote ni Kiingereza, nami niliishia kidato cha nne, tena zamani. Na sina wa kucheza naye. Kijana ananiambia kwa simu nikinunua pakiti mpya nitapata karata kali zaidi, lakini nilipouliza bei niliogopa. Niendelee, au nilifunge kopo nilisahau?*

*Fundi wa Majengo, Sumbawanga*

Mwanangu,

Usilifunge. Ila kabla hatujafika kwenye karata zenyewe, tuanze na mama mkwe, kwa sababu mchezo unaochezwa kwa kujificha ndani ya nyumba ya watu wazima hauna raha hata ukishinda.

Kijana wako hakuwa na nia mbaya, alikosea kutafsiri tu. Mchezo huo unaitwa Magic: The Gathering. Lile neno la kwanza, kwa Kiingereza, linabeba mambo mawili ambayo Kiswahili chetu kiliyatenga zamani. Kuna uchawi, ule wa kudhuru watu. Na kuna mazingaombwe. Nina hakika na wewe ulisoma shule ambayo siku moja alikuja mtu na sanduku lake, mkatoa kiingilio, akatoa vitambaa mdomoni na njiwa kwenye kofia, mkashangilia huku mkijua mnachezewa macho. Hakuna aliyekwenda nyumbani akasema leo shuleni kulikuwa na mchawi. Mchezo wenu ni wa upande huo wa mazingaombwe. Kijana alichukua neno la upande wa pili na kulitamka katika mji ambao wazee wa Kifipa hulieleza jina lake kuwa ni onyo kwa mgeni: tupa uchawi wako kabla hujaingia. Mama mkwe wako ametii jina la mji wake. Msimcheke, wala usimbishie.

Mngojee siku ambayo ametulia, mchana, jua limewaka. Tandika mkeka uani, zipange karata zote 120 kifudifudi, kisha muombe yeye mwenyewe azifunue. Muoneshe dubu, miti, milima. Utakapofika kwenye picha ya mafuvu au ya jitu lenye pembe, usiiruke. Mwambie ni mchoro wa hadithi, kama zimwi la ngano alizokuwa akiwasimulia watoto jioni, na kama hata hivyo haipendi, iweke kando. Utacheza bila hiyo. Mweleze pia kwamba hofu yake haikuanzia Rukwa. Wazazi wengi wa Kikristo huko Marekani walilalamikia mchezo huu ulipotoka, na katikati ya miaka ya 1990 kampuni inayouchapa ilijizuia kwa miaka kadhaa kutoa karata za mashetani. Na muahidi jambo moja ambalo utalitimiza: hakuna senti itakayowekwa mezani. Kwa sasa kopo lilale kibandani, lisirudi ndani mpaka mama aseme mwenyewe. Kuanzia leo, mbele yake na mbele ya majirani, sema unacheza karata za mazingaombwe.

Kuhusu kuchekwa sina maneno mengi. Mwalimu Nyerere alikuwa mkuu wa nchi na alikaa kwenye bao mbele za watu. Aliyebuni mchezo wako, Richard Garfield, alikuwa mtaalamu wa hisabati aliyeupata udaktari wake mwaka uleule wa 1993 karata zilipotoka, na miongoni mwa wa kwanza kuzinunua walikuwa watu wazima kwenye mkutano wa wapenzi wa michezo. Tena usione haya kufundishwa na aliye mdogo kwako. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, ambaye baadaye aliiwakilisha Uganda kwenye sataranji, hatua za mwanzo za kete alielekezwa na mtoto wa kike mdogo kuliko yeye. Angeona aibu siku ile, leo tusingemjua.

Sasa tufike kwenye kopo.

Kitu cha kwanza kinachowashinda wanaoanza ni kwamba wanajaribu kujifunza kila kitu kwa pamoja. Kanuni kamili za mchezo huu zinazidi kurasa 250. Usiziguse. Wazee wa bao walilijua hili zamani. Anayeanza hawampeleki kwenye bao lenyewe la Kiswahili, lenye kunamua na nyumba na mambo yake yote. Wanamwekea bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, zote 64 zipo mezani tangu mwanzo, azoee kwanza kutembeza mkono. Fanya hivyo hivyo. Katika kila jozi toa karata zote zenye maelezo marefu, ubaki na ardhi na viumbe tu. Cheza hivyo mara kumi. Ukishazoea, rudisha zile nyingine mbili tatu kwa siku.

Ardhi utazielewa haraka, kwa sababu unaishi juu yake. Mchezo una rangi tano na kila rangi ina ardhi yake: nyeupe ni tambarare, bluu ni kisiwa, nyeusi ni kinamasi, nyekundu ni mlima, kijani ni msitu. Wewe umeachiwa msitu na mlima. Ukitoka kibandani ukainua macho, Mbizi iko pale, mlima na msitu kwa pamoja. Ukishuka Lyamba lya Mfipa unaikuta tambarare na vinamasi vya Ziwa Rukwa, na ukienda upande wa Kipili unaviona visiwa vya Tanganyika. Sisemi hivi kwa kupamba. Nilipokuwa najifunza nilikuwa nasahau rangi ipi inalipiwa na ardhi ipi, na kilichonisaidia ni kuziweka karata kwenye ramani ya kwetu.

Ardhi ichukulie kama shamba. Kila zamu yako unaruhusiwa kuongeza moja tu mezani. Kila shamba unalivuna mara moja kwa zamu, na ukishavuna unailaza karata ubavu ili mwenzako aone kwamba imetumika. Zamu yako ikirudi, unazisimamisha zote. Hayo mavuno ndiyo unayolipia viumbe. Alama za juu kulia kwenye karata ndizo bei. Namba mbili za chini kulia ni nguvu ya kupiga na nguvu ya kuvumilia. Kila mchezaji anaanza na uhai 20, anaokota karata 7, na anayefikishwa sifuri ameshindwa. Ukishika karata 7 za mwanzo ukakuta ardhi moja tu, au sita, usijikaze. Zirudishe, changa upya, okota nyingine 7, kisha moja uipeleke chini ya rundo. Hiyo ni ruhusa ya kanuni, huibi. Na changa vizuri, kwa mikono miwili, mpaka uchoke. Ardhi zikishikana upande mmoja utalaumu bahati yako bure.

Kuna jambo linalowatatiza watu waliokulia kwenye lasti kadi na arubastini. Kule jozi ni moja, mnaigawana, na kila mtu anajua kwamba turufu fulani bado iko kwa mwenzake. Huku kila mmoja anakuja na jozi yake. Kwa hiyo hesabu ya "imebaki ipi" haikusaidii sana. Kinachokusaidia ni kutazama ardhi ambazo mwenzako hajazilaza. Ngoja nikuoneshe kwa karata za tangu 1993 ambazo huenda na wewe unazo, na kama huna, utazipata zinazofanana nazo.

Unacheza kijani. Mezani una dubu, Grizzly Bears, 2/2. Mkononi una Giant Growth, karata ya ghafla (unaiweka wakati wowote) ya bei ya msitu mmoja, inayompa kiumbe nyongeza ya 3/3 mpaka mwisho wa zamu. Mwenzako anacheza nyekundu, ana jitu lake Hill Giant, 3/3. Unashambulia na dubu. Kumbuka kwamba huku kiumbe hakishambulii kiumbe. Unamshambulia mtu, naye ndiye anayeamua kama atakinga au atapokea kipigo. Anakinga na jitu. Unatabasamu moyoni, unalaza msitu, unaweka Giant Growth: dubu anakuwa 5/5, jitu limekwisha.

Lakini subiri. Mwenzako ana mlima mmoja hajaulaza. Anaulaza sasa, na kuweka Lightning Bolt, radi ya madhara matatu, ikimlenga dubu. Karata ya mwisho kuwekwa ndiyo inayotangulia kufanya kazi. Radi inampiga dubu kabla nyongeza yako haijamfikia, akiwa bado 2/2. Anakufa, na Giant Growth yako inapotea bure kwa sababu hakuna wa kuipokea. Umepoteza karata mbili kwa moja.

Siku nilipofanyiwa hivyo, nilikaa kimya nikitazama ule mlima. Ulikuwa umesimama wima mbele yangu muda wote, na mimi nilikuwa naangalia karata zangu tu. Tangu hapo, kabla sijafanya lolote nauliza: ameacha ardhi ngapi wima, na za rangi gani? Ukiweza kujiuliza swali hilo kila zamu, umeshawapita wengi waliocheza miaka. Ni macho yale yale ya mchezaji wa bao, anayetazama upande wa pili kabla ya kugusa kete zake.

Na Kiingereza kisikutishe. Mchezo huu haujawahi kuchapishwa kwa Kiswahili, basi uchape wewe. Maneno yanayojirudia hayazidi thelathini. Chukua daftari ulilonalo la vipimo vya wateja, upande wa nyuma, na kila neno lipe jina ambalo mtu wa Majengo ataelewa: ardhi, kiumbe, kulaza, kusimamisha, kukinga, karata ya ghafla ambayo unaiweka wakati wowote, karata ya zamu ambayo unaiweka zamu yako tu, rundo la zilizotumika. Chagua mwenyewe, usiogope kukosea. Kopa, uru, shupaza na pau unazozitamka leo yalikuwa maneno ya Wareno. Watu wa pwani waliyapokea pamoja na karata, wakayatamka kwa ndimi zao, na sasa hakuna anayeuliza yalitoka wapi. Karata ambayo maelezo yake yanakushinda, mtumie kijana picha kwa simu, akueleze kwa sauti, uandike.

Sasa hizo pakiti. Hapa nakuomba unisikilize kama mama yako.

Usinunue. Pakiti imefungwa, huoni ndani, na kwa miaka mingi ilikuwa karata 15 ambazo moja tu ndiyo adimu. Unalipa pesa ukitumaini hiyo moja itakuwa ile unayoitaka. Sioni tofauti kubwa kati ya hilo na mikeka ya kubeti inayowamalizia vijana wetu mishahara. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza pakiti kupitia muuzaji mmoja wa mtandaoni, zikachukua miezi, nikalipia na ushuru, na nilipozifungua kwa mikono inayotetemeka sikupata hata karata moja iliyofaa jozi yangu. Pesa ile ingenunua gunia la mahindi. Utasikia pia habari za karata moja, Black Lotus ya mwaka 1993, iliyouzwa kwa zaidi ya dola 500,000 mwaka 2021. Ni kweli iliuzwa. Lakini anayeinunua hiyo ananunua mali ya kuhifadhi, na karata ya namna hiyo haitoki tena kwenye kifuko chake. Wewe unataka kucheza. Karata zako zichakae kwa vidole.

Ukitaka kuongeza, kuna namna ya kucheza inayoitwa Pauper, yaani ya maskini, na tangu 2019 kampuni yenyewe inaitambua rasmi: jozi yote ni karata za kawaida tu, zile ambazo huko Kanada watu wanaziuza kwa mafungu kwa senti kidogo. Kijana akija tena, akuletee fungu la hizo. Na kabla hazijafika, kata manila vipande vya ukubwa wa karata, andika jina, bei na kazi yake, cheza. Kwa mashindano haikubaliki, lakini kwenye meza yako hakuna wa kukuzuia. Wewe ni fundi, mkasi unao, na mkono wako unakata mstari ulionyooka kuliko wengi wetu.

Kuna pia programu ya simu, inaitwa Arena, ipo kwenye simu tangu 2021 na kuipakua ni bure. Ina faida moja kubwa: haikuruhusu kuvunja kanuni, kwa hiyo inakufundisha bila kugombana. Lakini inakula nafasi ya simu na bando, nayo pia ina pakiti za kuuza. Kama simu yako ni ya kuhangaika nayo, achana na Arena. Hukupenda mchezo huu kwa sababu ya kioo. Uliupenda kwa sababu ulikuwa umekaa na mtoto wa kaka yako.

Na hapo ndipo penye kazi kubwa kuliko zote: mtu wa pili. Jozi mbili bila mtu wa pili ni makaratasi. Usitafute kundi, tafuta mtu mmoja. Usimtafute aliye hodari wa karata, maana atakuharakisha. Mtafute mwenye subira ya kushindwa. Kibanda cha cherehani ni mahali pazuri kuliko unavyodhani. Watu wanakaa wakingoja suruali ipunguzwe, wanatazama. Karata ziwe mezani wazi, ukicheza peke yako mikono yote miwili, kijani kwa nyekundu. Hiyo nayo ni njia nzuri ya kujifunza. Wiki haitaisha kabla ya mtu kuuliza. Inawezekana akawa binti unayemfundisha kazi, au mwanafunzi wa sekondari aliyeleta sketi, au mama muuza maharage wa kibanda cha pili. Mpe jozi nyekundu, ni nyepesi kwa anayeanza: inapiga na kuuliza baadaye. Kila mchezo ukiisha badilishaneni jozi, ili asiseme umejiwekea nzuri. Akikosea, mruhusu arudishe karata, kwa mwezi mzima. Wewe pia ulirudishiwa.

Chagueni siku moja ya wiki, saa ile ile. Sasa hivi mko kwenye mavuno na baridi ya Juni inauma, watu wanafunga mapema, kwa hiyo jioni zipo. Mvua za Novemba zikianza kila mtu atakuwa shambani, na mchezo ambao haujawa mazoea utakufa hapo. Zishonee karata vifuko viwili vya kitenge vyenye kamba, kimoja kwa kila jozi, kwa sababu upepo wa kiangazi wa Ufipa unaingiza vumbi hata kwenye kopo lililofungwa.

Mwisho, mpigie yule kijana umwambie hutaki pakiti, unataka barua. Aandike kwa mkono, kurasa mbili, makosa aliyokuona ukiyafanya katika zile siku mlizocheza usiku. Ni yeye tu aliyekuona ukicheza, na kabla ya Krismasi atakuwa amesahau.